Alama Niliyoiandika Juu Yako

Riziki mwanangu,

Umeteremka kuaga kwa shangazi yako, na najua hatakuachilia upesi. Atakupikia, atalia kidogo, kisha atakumbuka kitu kingine cha kukufungia. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye meza uliyokuwa unafanyia kazi zako za shule, nimesukuma mkoba wako pembeni, na hii ni karatasi ya pili. Ya kwanza niliichana kwa sababu ilianza na maneno mazuri mno.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala sweta, wala maji ya kuchemsha. Hayo shangazi amekwisha kuyasema mara tano, tena wewe ni muuguzi, ndiwe unayewaambia wengine. Mimi nina jambo moja tu, na si zuri. Nimelibeba wiki mbili. Jana tulipokuwa tunachambua maharagwe nilifungua mdomo nikuambie, ukaniuliza kama mgongo unaniuma, nikasema ndiyo. Kweli ulikuwa unauma, lakini sicho nilichotaka kusema.

Nianze na siku orodha ya vituo vya mradi wenu wa afya ilipotoka. Ulipanda mlima huu mbio, ukaingia bila kuvua viatu, ukakaa. Ukasema, "Papa, bananituma Mpofi." Nikaona macho yako yamejaa maji. Halafu ukajifuta kwa mkono, ukasema maneno ambayo tangu siku hiyo hayaniachi: "Lakini iko sawa. Ordinateri njo ilipanga. Ile haina mujomba, haina muntu wa kwao. Safari hii hakuna mwenye alipita mulango wa nyuma." Jumapili ukayarudia kanisani, kwa mama mchungaji, kwa wasichana wa rika lako, kwa kila aliyekuonea huruma kwamba unapelekwa mbali hadi Walikale. Ulikuwa na fahari. Katika nchi ambayo kazi hutolewa kwa jina la ukoo, wewe umewekwa mahali na hesabu ya kompyuta isiyomjua mtu.

Nilisimama nyuma yako na Biblia yangu mkononi, nikatazama chini.

Unajua walivyofanya, maana mliambiwa. Wafanyakazi kumi na wawili, vituo vitatu, wanne kila kituo. Kila mmoja amepimwa ujuzi wake na lugha zake. Kila mmoja ameulizwa kwa siri ni nani anaweza kufanya naye kazi na nani hawezi. Watu waliowajua zamani nao wakajaza karatasi. Kisha kompyuta ikatafuta, katika namna zote za kugawa watu hao, ile ambayo kila kituo kinapata kinachohitaji na watu wanaweza kuvumiliana. Ulidhani nitastaajabu. Sikustaajabu kwa sababu niliwahi kuifanya kazi hiyo hapa Karuba kwa mikono, ulipokuwa darasa la pili, na ilinigharimu kitu ambacho sijawahi kukusimulia.

Chama cha wafugaji kilikuwa na watu kumi na wawili wa kutengeneza jibini, nao walikuwa wanagombana kila wiki. Wakanijia kwa sababu nafundisha hesabu na nilikuwa na mashine ndogo ya kupigia jumla. Mzee wa chama alisema, "Mwalimu, utugawanye mu ekipe tatu, lakini usitumie roho, utumie namba." Nikafurahi sana. Tangu nianze kufundisha, hakuna mtu aliyewahi kuniomba hesabu kwa jambo la maana.

Nikampa kila mtu alama za ujuzi: nani anajua moto wa maziwa kwa kugusa tu na kifundo cha mkono, nani anajua chumvi, nani ana subira ya kugeuza majibini kila siku bila kusahau, nani ana miguu ya kuyafikisha barabarani Mushaki. Kisha nikamwomba kila mtu, kwa siri, awape wenzake kumi na mmoja alama kutoka sifuri hadi tano: unaweza kufanya naye kazi? Kumi na wawili kuwagawa wanne wanne kuna namna elfu tano mia saba sabini na tano. Nakujua, utataka kuhakikisha, hakikisha. Sikuweza kuzijaribu zote, basi nikachukua maharagwe kumi na mawili ya rangi mbalimbali, kila moja jina la mtu, nikayapanga mezani kwa mafungu matatu. Nabadilisha mawili, napiga jumla. Ikipanda naacha hivyo, ikishuka narudisha. Hivyo hivyo wiki nzima. Mama yako alikuwa akipita na kuuliza maharagwe hayo yatapikwa lini.

Siku moja nikafika mahali ambapo hakuna kubadilishana kokote kulikopandisha jumla. Nikaita chama, nikasoma majina, watu wakapiga makofi. Kundi la kwanza lilikuwa watu wanne wa kwaya, marafiki wa tangu utoto, wenye alama za ajabu. Kundi la pili majirani wa mlima mmoja. Kundi la tatu ni wale wanne waliobaki, ambao hakuna aliyewataka. Hesabu hazikuwaita mabaki, na mimi sikuwaita hivyo. Nilisema tu kundi la tatu.

Mama yako alikuwa humo.

Karibu wote walimpa sifuri. Unamkumbuka mama yako, Riziki. Hakuwa mtu wa sifuri. Baadaye nilielewa kwamba walimwogopa kwa ajili yangu. Alikuwa mke wa mwenye karatasi, wakadhani kila neno litakalosemwa mbele ya sufuria litafika kwangu jioni. Lakini siku ile niliziona sifuri hizo, moja chini ya nyingine, nikanyamaza. Na hesabu ingeweza kuulizwa swali lingine. Badala ya kutafuta jumla kubwa kuliko zote, ningeweza kutafuta mgawanyo ambao kundi lililo dhaifu kuliko yote linakuwa na nguvu kadiri inavyowezekana. Ni hesabu nyingine, nilikuwa naijua vizuri. Ila jumla ingeshuka, na mimi nilikuwa naipenda jumla yangu.

Sasa sikia mambo ya lile kundi langu bora. Mwezi wa tatu kukawa na harusi ya mwanakwaya huko Mushaki. Wanne wote ni kwaya, wanne wote wakaenda kuimba. Maziwa ya siku mbili yakachacha yote, hata nguruwe hawakuyamaliza. Nilikuwa nimepima jinsi wanavyopendana, na sikufikiri kwamba watu wanaopendana wana harusi zilezile na matanga yaleyale, na wakikasirikiana wanarudi nyumbani siku moja. Kabla ya Krismasi kundi lile lilikuwa limekwisha vunjika.

Kundi la mama yako lilianza vibaya. Alinisimulia mwenyewe: "Siku ya kwanza tulinyamaza mpaka maziwa ikaungua." Kulikuwa na mwanamume mmoja mbishi, hana jambo asilolipinga, na mjane asiyesikia vizuri sikio moja, na kijana aliyehamia kutoka kilima kingine akakosa hata mtu wa kumsalimia. Jibini lao halikuwa bora mwaka ule, nisikudanganye. Lilikuwa la katikati. Lakini yule mbishi alikuja kupewa moto, kwa sababu alibishana hata na joto la maziwa na mara nyingi alikuwa na haki, na mama yako alihamia upande wa sikio zima la yule mjane. Msimu ulipokwisha nilitaka kupanga upya, wakakataa kutawanywa, wote wanne.

Mimi nilidhani basi, yamekwenda vizuri. Kumbe mama yako alikuwa amekuta karatasi zile kwenye mfuko wangu wa shule akitafuta kalamu. Aliziweka mezani, hapa ninapoandika.

"Hizi sifuri njo zangu?"

"Ni za zamani," nikasema.

"Ulijua kama batu bote bananikatala, na kila asubuhi unaniambia kazi njema?"

Nikachukua kalamu. Nikamchorea mafungu, nikamwonyesha kwamba akihamia kundi la pili jumla inashuka kwa saba, akihamia la kwanza inashuka kwa tisa. Aliniacha nikamaliza. Alikuwa na adabu ya kutisha mama yako. Kisha akasema, "Nimesikia hesabu. Sasa nangojea bwana yangu aseme."

Nikasema naenda kumtazama ng'ombe.

Jambo hilo lilibaki hivyo kati yetu. Aliendelea kunipikia, kuniombea, kunicheka, na wakati wa ugonjwa wake alinishika mkono kama kawaida. Lakini nilikuwa na sentensi moja ya kumwambia na sikuisema hadi tulipomzika. Kuwekwa kundi la tatu hakukumuuma, alikwisha kulifanya kundi lake. Kilichomuuma ni kwamba mimi nilijua, na nikamwacha apite mbele yangu kila asubuhi bila kujua. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, na hilo nililielewa peke yangu, nikiwa nimechelewa.

Ndiyo sababu barua hii lazima niimalize kabla hujarudi.

Mwezi uliopita mradi uliniletea karatasi. Walikuwa wanatafuta watu waliokufundisha sekondari, na mimi nilikufundisha. Juu waliandika "siri". Maswali kumi. Tisa nilijibu ukweli mtupu: ujuzi, bidii, kusikiliza wakubwa, kustahimili matusi ya wagonjwa. La kumi liliuliza: "Anaweza kuishi peke yake, bila watu wake?" Alama kutoka sifuri hadi kumi.

Nilikaa na swali hilo tangu mchana hadi ng'ombe wakarudi. Jibu nililijua. Nilipokwenda kumuuguza mama yako hospitalini ulikaa nyumba hii peke yako karibu mwezi mzima, na ulikuwa bado na umri wa kuogopa giza. Ulikamua, ulipika, ulifika shule kwa wakati, na niliporudi nilikuta umepiga lipu ukuta wa jikoni uliokuwa unabomoka. Nilikuuliza kama uliogopa. Ukasema, "Nilizoea tu, papa." Msichana huyo ni tisa. Labda kumi.

Niliandika mbili.

Sikukosea, usinitafutie udhuru. Najua namba hizi zinavyotembea. Nilijiambia hivi: kompyuta ikiona mbili itaogopa kumpeleka mbali, itafunga Mpofi, itamleta kituo cha hapa Karuba, mwendo wa dakika ishirini kutoka mlangoni mwangu. Hutahitaji hata kupanda moto, wala kumlipa mwenye pikipiki. Jumapili utakula hapa. Nilipiga hesabu hiyo kichwani, nikafunga bahasha, na nakwambia kweli nililala vizuri.

Orodha ilipotoka na jina lako likawa Mpofi, nilidhani mashine imeharibika. Nikampigia simu Janvier, yule anayeshughulikia kompyuta za mradi. Nilimfundisha kabla yako. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wawili, bado ananiita mwalimu. Akaniambia.

"Mwalimu, ile point ya kumi njo ilimutoa Karuba. Karuba infirmiere analala peke yake ku sentre, bale batatu ni ba hapa, banarudiaka kwao. Inaomba angalau sita. Ordinateri iliona mbili, ikamutafutia fasi kwenye batu bote bane banakaa nyumba moya. Masisi ilikuwa imejaa. Ikabaki Mpofi."

Yaani muuguzi wa Karuba hulala kituoni peke yake, na mbili yangu ikakutafutia mahali ambapo wanne wote wanakaa nyumba moja. Nikamwuliza kama katika safu zake mashine haikuona kwamba kwenu ni hapahapa. Akasema, "Hakuna colonne ya ile, mwalimu. Hakuna mwenye aliomba tutie colonne ya baba." Alitaka kucheka, akaona sicheki. Nikamwuliza, na kama alama ingekuwa tisa? Nikasikia vidole vyake vikigonga mashine. Akasema ungekuwa Karuba, na yule dada Esperance aliyepewa Karuba angekuwa Mpofi. Mngebadilishana ninyi wawili tu, kila mtu mwingine angebaki alipo.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo, mwanangu. Nilikudanganyia alama ili ubaki, na udanganyifu huohuo ndio uliokupeleka. Ningesema ukweli ungekuwa hapa. Na lile ulilolitangaza kanisani, kwamba safari hii hakuna aliyepita mlango wa nyuma, si kweli. Mimi nilipita. Mashine ilikuwa na haki kwa kila mtu isipokuwa pale baba yako alipoweka kidole. Naona aibu, na naandika neno hili aibu kwa makusudi kwa sababu kwa mama yako sikuliandika wala kulisema. Nisamehe.

Hutakuwa na watu wabaya Mpofi. Janvier aliniambia alama zenu ninyi wanne ni nzuri. Usizitegemee sana alama hizo. Zinasema jinsi mnavyodhaniana kabla hamjaunguza maziwa pamoja. Kama kuna mmoja anayebisha, mtazame anabishia nini. Na mkialikwa harusi, msiende wote.

Nyumba hii nitakwambia ilivyo, maana hujawahi kuiona usipokuwepo. Ukienda zamu za usiku za mafunzo yako nilikuwa napakua sahani mbili, halafu moja nairudisha kwenye sufuria. Naongea na redio. Narekebisha kitu ambacho hakijaharibika. Watu wa mlima huu ni wema, wananisalimia, wananiletea maziwa kama sina ng'ombe wangu mwenyewe, na wakishaondoka mlango ukifungwa nasikia jinsi chumba kilivyo kikubwa. Sikuambii ili ulie. Nakuambia kwa sababu hicho ndicho kilichoshika kalamu siku ile.

Sasa kuna karatasi ya pili ndani ya bahasha hii. Nimeliandika upya lile jibu la kumi, nimetia sahihi na jina, na nimeeleza kwa mkono wangu kwamba la kwanza lilikuwa uongo wangu. Kesho moto itakufikisha Masisi, na mtakaa ofisini hadi Jumatatu. Janvier anasema kabla ya Jumatatu hesabu inaweza kupigwa upya. Ukimkabidhi mkuu wako karatasi hiyo, utarudi Karuba na Esperance ataenda Mpofi. Ukiiweka mkobani, utakwenda wewe. Simjui Esperance. Yeye naye ana nyumba, na labda ana mtu anayepakua sahani mbili.

Nilifikiri kuipeleka mwenyewe karatasi hiyo, ndiyo haki ya kawaida. Lakini nikaona kwamba hapo nakuwa tena nakupanga, na tena bila wewe kujua, na tena matokeo yake ni kwamba unakuwa karibu nami. Hata barua hii nimeisoma toka juu nikaitilia shaka. Huenda naungama. Huenda naomba urudi kwa maneno ya kuungama. Nimejaribu kuvitenganisha viwili hivyo na sijaweza, basi navikupa vyote pamoja, na wewe unanijua, utaona kipi ni kipi. Utakaloamua sitalihesabu. Ukienda, nitakuja msimu wa kiangazi njia ikiruhusu, hata kama pale inapokatika ni kwa miguu. Ukirudi, sitasherehekea mbele za watu.

Namsikia mbwa wa shangazi akibweka kule chini, nadhani anakusindikiza. Nitakupa bahasha hii kesho ukiwa umekwisha kupanda moto, kwa sababu nikikupa sasa nitakaa nikitazama uso wako ukisoma, na hilo siliwezi.

Ile alama ya pili inasema tisa, na ni kweli. Ile ya kwanza nayo haikuwa namba ya bure. Kuna mtu katika nyumba hii asiyeweza kuishi peke yake bila watu wake, na mbili inamtosha kabisa. Waliniuliza juu yako, Riziki, nikajibu juu yangu.

Papa yako